Huduma ya kitabibu ya kisheria kwa manusura wa ukatili wa kingono

Huduma ya kitabibu ya kisheria kwa manusura wa ukatili wa kingono ni matibabu na uchunguzi anaopewa mtu aliyebakwa, kulawitiwa au kufanyiwa shambulio lingine la kingono. Hutolewa kwa namna inayolinda afya yake na wakati huohuo kuhifadhi ushahidi unaoweza kutumika mahakamani. Kwa hiyo mtoa huduma huwa na kazi mbili kwa pamoja: kumtibu aliye mbele yake na kuandika kwa usahihi alichokiona, kwa kuwa huenda akatakiwa kukieleza mbele ya hakimu.

Huduma hii hutegemea sana muda na mahali. Dawa zake muhimu hufanya kazi zikianza mapema, na vielelezo vingi hupotea baada ya siku chache. Hivyo anayeishi karibu na hospitali na anayeishi kijijini hawana nafasi sawa ya kupona wala ya kupata haki. Makala hii inaeleza huduma yenyewe, sheria inayohusika nchini Tanzania, na njia za kuisogeza karibu na wakazi wa vijijini. Mfano unaotumika ni Nyakatuntu, kata ya Wilaya ya Kyerwa katika Mkoa wa Kagera.

## Historia

Madaktari wamekuwa wakitoa ushahidi katika kesi za ubakaji tangu zamani, lakini utaratibu maalumu wa kumhudumia manusura ulianza kuenea katika miaka ya 1970 nchini Marekani. Mwaka 1976 huko Memphis, na mwaka 1977 huko Minneapolis, ilianzishwa mipango ya kuwafundisha wauguzi kufanya uchunguzi huo, kwa sababu manusura walikuwa wakingoja saa nyingi katika vyumba vya dharura na kuhudumiwa na watu wasio na mafunzo hayo.

Katika kipindi hichohicho Marty Goddard, mwanaharakati wa Chicago, alibuni kisanduku chenye vifaa vyote vya kuchukulia sampuli pamoja na maelekezo ya kuvitumia. Hospitali za eneo la Chicago zilianza kukitumia mwaka 1978. Kwa miaka mingi kisanduku hicho kiliitwa kwa jina la Louis Vitullo, ofisa wa maabara ya polisi, na mchango wa Goddard haukujulikana sana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa huduma ya kitabibu ya kisheria kwa waathirika wa ukatili wa kingono mwaka 2003. Msingi wa mwongozo huo ni kwamba afya na ustawi wa manusura hutangulia, na ukusanyaji wa ushahidi hufuata. Inafaa kazi zote mbili zifanywe mahali pamoja na na mtu mmoja, ili manusura asichunguzwe mara mbili.

## Umuhimu wa saa za kwanza

Hatari za kiafya baada ya ubakaji ni pamoja na majeraha, mimba isiyotakiwa, maambukizi ya VVU, magonjwa mengine ya zinaa, homa ya ini aina ya B na athari za kisaikolojia. Nyingi zinaweza kuzuiwa au kupunguzwa manusura akifika mapema:

- Dawa kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na zinafaa zaidi zikianza katika saa za mwanzo kabisa. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatisha.
- Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, yaani siku 5. Nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita.
- Dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B na chanjo ya pepopunda kwa mwenye majeraha hutolewa kulingana na hali yake.
- Ushauri nasaha huanza siku hiyohiyo na kuendelea, kwa kuwa hofu, kukosa usingizi, aibu na mawazo ya kujidhuru vinaweza kujitokeza hata baada ya wiki kadhaa.

Kwa upande wa ushahidi, mbegu za kiume na chembe zenye vinasaba hupungua mwilini kila saa inayopita. Sampuli za ukeni huchukuliwa kwa matumaini makubwa zaidi ndani ya saa 72, ingawa miongozo mingine huruhusu hadi siku 5 au zaidi. Chembe zilizobaki mdomoni hupotea mapema zaidi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Kuoga, kujisafisha, kupiga mswaki na kufua nguo huharakisha upotevu huo. Hata hivyo, aliyekwisha kuoga au kufua bado anatakiwa kwenda kutibiwa, na uchunguzi wake bado una maana.

Aliyechelewa kupita saa 72 pia ana haki ya kuhudumiwa. Majeraha, mimba, magonjwa ya zinaa na maumivu ya moyo hutibiwa wakati wowote.

## Uchunguzi unavyofanyika

Uchunguzi huanza kwa ridhaa. Mtoa huduma hueleza kila hatua kabla ya kuifanya, na manusura anaweza kukataa sehemu yoyote bila kunyimwa matibabu. Kwa mtoto, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi, lakini mtoto naye husikilizwa. Pale mlezi mwenyewe anaposhukiwa, ofisa ustawi wa jamii huhusishwa.

Baada ya ridhaa hufuata maelezo ya tukio: lilitokea lini, nini kilifanyika, na manusura amefanya nini tangu hapo. Maneno yake huandikwa kama alivyoyasema. Kisha mwili wote huchunguzwa, kuanzia kichwani hadi miguuni, na kila jeraha huandikwa mahali lilipo, ukubwa, rangi na aina yake. Mchoro wa mwili hutumika kuonyesha majeraha hayo. Sehemu za siri huchunguzwa mwishoni, mahali pa faragha, akiwepo mtu wa kumtia moyo manusura kama atapenda.

Sampuli huchukuliwa kwa vijiti vyenye pamba safi, kisha huachwa vikauke kwa hewa kabla ya kufungashwa. Nguo na sampuli kavu huwekwa katika bahasha au mifuko ya karatasi. Mfuko wa plastiki haufai kwa sababu hutunza unyevu, na unyevu huotesha ukungu na bakteria wanaoharibu vinasaba. Kila bahasha huandikwa namba au jina la mgonjwa, aina ya sampuli, tarehe, saa na jina la aliyeichukua, kisha hufungwa kwa lakiri.

Kuanzia hapo, kila anayeipokea sampuli huandika jina lake, tarehe na saa. Rekodi hiyo huitwa mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Ukikatika, upande wa utetezi unaweza kuhoji kama kilicholetwa mahakamani ndicho kilichochukuliwa kwa manusura.

## Kutafsiri matokeo

Watu wengi huamini kwamba aliyebakwa lazima akutwe na majeraha, au kwamba kizinda ndicho kipimo cha kuamua. Imani hizo hazina msingi. Manusura wengi, watoto wakiwemo, hukutwa hawana jeraha lolote sehemu za siri. Wapo walioshikwa na woga wasiweze kupigana, na majeraha madogo ya sehemu hizo hupona ndani ya siku chache. Umbo la kizinda hutofautiana kati ya mtu na mtu, na haliwezi kuonyesha kama mtu amewahi kujamiiana. Mwezi Oktoba 2018 WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kile kinachoitwa kipimo cha ubikira kikomeshwe, kwa kuwa hakina msingi wa kisayansi na humdhalilisha anayefanyiwa.

Kwa sababu hiyo mtaalamu mwangalifu haandiki kwamba mtu “hakubakwa” kwa vile tu hakuona jeraha. Huandika alichokiona na kueleza kama kinalingana na maelezo ya manusura. Uamuzi wa kama kosa limetendeka ni wa mahakama.

## Sheria ya Tanzania

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998, inayojulikana kwa kifupi kama SOSPA, ilibadilisha Kanuni ya Adhabu na sheria nyingine kadhaa. Chini ya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama aliridhia, isipokuwa kwa mke mwenye miaka 15 au zaidi ambaye hajatengana na mumewe. Kuingiliwa hata kidogo kunatosha kuwa kosa, na si lazima kuonyesha majeraha ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ridhaa. Adhabu ya kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kosa la ubakaji katika sheria hiyo linahusu wanawake na wasichana. Wavulana na wanaume hulindwa na vifungu vingine, vikiwemo vya makosa ya kinyume cha maumbile na udhalilishaji mkubwa wa kingono. Huduma ya afya ni ileile kwa wote.

Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia hatiani mshtakiwa wa kosa la kingono kwa ushahidi wa manusura peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hiyo ripoti ya daktari na vinasaba huimarisha ushahidi, lakini kukosekana kwake hakumalizi kesi.

Ripoti ya kitabibu kwa kawaida huandikwa katika Fomu ya Polisi namba 3, maarufu kama PF3. Fomu hutolewa na polisi, hujazwa na mtoa huduma za afya, kisha hurudishwa polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaitaka mahakama imweleze mshtakiwa haki yake ya kutaka aliyeandika ripoti aitwe na kuhojiwa. Pia, kielelezo cha maandishi kikishapokewa kinatakiwa kusomwa kwa sauti mahakamani. Katika kesi nyingi Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeiondoa PF3 kwenye kumbukumbu kwa sababu moja ya taratibu hizo ilirukwa. Hapo kesi hubaki ikitegemea maneno ya mashahidi, na iwapo nayo yana kasoro, mshtakiwa huachiwa huru. Kazi iliyofanywa vizuri hospitalini inaweza hivyo kupotea kwa kosa dogo la utaratibu.

Katika mazoea ya jamii PF3 imegeuka kuwa kama tiketi ya kuingilia hospitalini: watu wengi hudhani kwamba manusura hawezi kutibiwa bila kupitia polisi kwanza. Mwongozo wa Wizara ya Afya kuhusu ukatili wa kijinsia uliotolewa mwaka 2011 unaweka huduma ya manusura mbele. Matibabu yanaweza kuanza mara anapofika kituoni, na fomu ikajazwa baadaye kutokana na kumbukumbu za uchunguzi.

## Hali ya vijijini: mfano wa Nyakatuntu

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012, ilipokuwa wilaya kamili. Inapakana na Uganda upande wa kaskazini na Rwanda upande wa magharibi, na Mto Kagera ni sehemu ya mpaka huo. Wenyeji wengi ni Wanyambo, wakulima wa ndizi, kahawa na maharagwe. Nyumba zimetawanyika katikati ya migomba juu ya vilima, na njia nyingi ni za udongo, ngumu kupitika wakati wa masika.

Huduma ya afya nchini Tanzania imepangwa kwa ngazi: zahanati katika kijiji, kituo cha afya katika kata, kisha hospitali ya wilaya na ya mkoa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa miaka 2007–2017 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa, hospitali zinazojulikana kwa muda mrefu ni za makanisa, zikiwemo Nyakahanga ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Karagwe, na Isingiro iliyoko Kyerwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bukoba. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayosimamia uchunguzi wa vinasaba chini ya sheria ya mwaka 2009, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, mamia ya kilometa kutoka Kyerwa kwa barabara.

Kwa mkazi wa kata kama Nyakatuntu, njia ya kufikia huduma kamili inaweza kuwa ndefu: kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, kituo cha polisi kupata PF3, kisha hospitali kwa bodaboda. Kila hatua ina gharama yake na humlazimu manusura kurudia kusimulia yaliyompata. Tukio likitokea usiku wa Ijumaa, ni rahisi saa 72 kwisha kabla hatua zote hazijakamilika.

Kizuizi kingine ni cha kijamii. Mhalifu mara nyingi ni ndugu, jirani au mtu anayeheshimika, na wazee wa pande mbili wanaweza kukaa kumaliza jambo nyumbani kwa fidia au kwa ndoa. Mazungumzo hayo huchukua siku zilezile ambazo dawa kinga zingefanya kazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakutafuta huduma yoyote.

## Vituo vya Mkono kwa Mkono

Kituo cha Mkono kwa Mkono ni mahali ambapo manusura hupata matibabu, polisi, ustawi wa jamii na ushauri wa kisheria chini ya paa moja, kwa kawaida ndani ya hospitali. Zanzibar ilianza mwaka 2011 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Tanzania Bara ilifuata katika Hospitali ya Amana, Dar es Salaam. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA) wa 2017/18–2021/22 uliweka vituo hivyo, madawati ya jinsia na watoto ya polisi, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kata na kijiji.

Vituo hivi humpunguzia manusura mizunguko, lakini vikiwa hospitalini mjini pekee, safari ya kutoka kijijini hubaki ileile.

## Nchi jirani

Rwanda ilianzisha kituo cha Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, mwaka 2009. Baadaye mfumo huo ulienezwa katika hospitali za wilaya, jambo lililopunguza umbali kwa watu wa vijijini.

Nchini Kenya, Hospitali ya Wanawake ya Nairobi ilifungua kituo cha kuwahudumia manusura mwaka 2001. Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa mwaka 2006, na kanuni za mwaka 2012 zinataka matibabu ya manusura yawe ya bure katika hospitali za umma. Kenya hutumia fomu ya hospitali ya huduma baada ya ubakaji pamoja na fomu ya polisi ya P3. Kwa kuwa fomu ya kwanza iko kituo cha afya, uchunguzi huandikwa mara moja hata kabla ya polisi kufika.

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, hutoa matibabu, ushauri na msaada wa kisheria kwa pamoja. Mukwege alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Mwezi Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyokaa Kavumu, karibu na Bukavu, iliwahukumu wanamgambo 11 kifungo cha maisha kwa ubakaji wa watoto wadogo wa kike. Kumbukumbu za kitabibu zilizoandikwa kwa utaratibu mmoja zilisaidia kuonyesha kwamba matukio mengi yalifanana.

Kwa upande mwingine, mwaka 2009 huko Detroit, Marekani, viligunduliwa visanduku zaidi ya 11,000 vya ushahidi wa ubakaji vikiwa ghalani bila kupimwa. Kukusanya sampuli hakutoshi kama hakuna njia ya kuzifikisha maabara na mtu wa kufuatilia majibu.

## Njia za kusogeza huduma karibu

Sehemu kubwa ya huduma hii haihitaji mashine wala daktari bingwa. Kalamu, fomu iliyo na mchoro wa mwili, vijiti vya pamba, bahasha za karatasi, kabati lenye kufuli na mtu aliyefundishwa vinatosha kwa uchunguzi wa msingi. Maabara ya vinasaba inaweza kuwa mbali. Uchunguzi na dawa haviwezi. Hatua zinazopendekezwa kwa maeneo ya vijijini ni hizi:

- Kuwafundisha matabibu na wauguzi wa vituo vya afya namna ya kuchunguza, kuandika na kutoa ushahidi mahakamani.
- Kuweka katika kila kituo cha afya akiba ya dawa kinga, vidonge vya dharura na vifaa vya sampuli, vipatikane usiku na siku za mapumziko.
- Kuanza dawa katika zahanati pale inapowezekana, kisha kumpa manusura rufaa, badala ya kumtuma mbali akiwa hajapata chochote.
- Kuweka fomu za PF3 katika vituo vya afya kwa makubaliano na polisi, au kumwita askari wa dawati aje kituoni.
- Kuwaunganisha watoa huduma wa vijijini na daktari mzoefu kwa simu, ili wapate maelekezo wakati wa uchunguzi. Hospitali ndogo za vijijini nchini Marekani hutumia njia hii kwa video.
- Kuwaelimisha wenyeviti, watendaji, walimu, viongozi wa dini na waendesha bodaboda kwamba mahali pa kwanza pa kumpeleka manusura ni kituo cha afya.
- Kumfuatilia manusura kwa ajili ya kumaliza dozi ya siku 28, vipimo vya marudio na ushauri nasaha.

Kwa watoto nchini Tanzania, simu namba 116 hupigwa bila malipo kutoa taarifa za ukatili na kupata ushauri. Polisi hupatikana kwa namba 112. Simu hizo zinaweza kupigwa wakati manusura akiwa tayari njiani kwenda kutibiwa.